Namna ya kupima uchafuzi wa maji kwa lemna, gugumaji na vikopo 12

Nafuga sato kwenye mabwawa matatu madogo nje kidogo ya jiji la Mwanza, maji nayavuta kwenye kijito kinachoshuka kikipita mashamba ya nyanya. Kuna asubuhi moja nikaamka nikakuta vifaranga vimeelea matumbo juu, karibu vyote, na nilikuwa nimevipandikiza wiki tatu tu nyuma. Maji yalikuwa meupe, hayanuki, huoni kitu. Siku ya tatu nikachota chupa nikapeleka kupimwa, majibu yakarudi kawaida tu hakuna tatizo, na kiukweli siwezi kuyalaumu, maana yale maji yaliyoua yalikuwa yameshashuka zamani yako ziwani. Lakini kwenye kona ya bwawa nilikuwa na lemna, vile vijani vidogo vidogo kuliko punje ya dengu vinavyoelea juu ya maji yaliyotulia, kila kimoja na kamzizi kake kamoja kananing'inia chini, bata na kuku wanavipenda sana. Zile lemna zilikuwa zimebadilika kabisa. Zimeachana moja moja wakati kawaida zinakaa mbili tatu zimeshikana, mizizi imedondoka, zingine zimekuwa nyeupe kama karatasi. Zenyewe zilikuwepo usiku ule yale maji yanapita, mi na chupa yangu hatukuwepo.

Tangu hapo nimejifunza kuzisoma na leo naandika namna ninavyofanya, hatua kwa hatua, na gharama yake ni ndogo kiasi kwamba shule, kikundi cha wavuvi au mtu mwenye bwawa moja anaweza kufanya. Haichukui nafasi ya maabara. Inachofanya ni kukuambia ni wapi na ni lini uende maabara, ambacho ndo kitu tunachokosea wengi, tunalipia kipimo cha maji ya siku isiyo yenyewe.

Kwanza elewa jambo hili maana bila hilo vikopo vitakuchanganya. Uchafu wa maji unaugusa mmea kwa njia mbili. Kuna uchafu unaoulisha, yani mbolea iliyosombwa shambani, kinyesi cha watu na ng'ombe, maji ya vyoo, maji ya machinjio, huu umejaa naitrojeni na fosforasi na mmea ukiupata unanenepa na kuzaana. Afu kuna uchafu unaouua, dawa za kuua magugu, dawa za ukungu zenye shaba, oili za gereji, chumvi nyingi, madini mazito. Mto unaopita mjini kama Mirongo wa hapa Mwanza unabeba vyote viwili kwa pamoja, kwa hiyo sumu inaweza kuwepo na bado ukaona majani yamestawi kwa sababu chakula ni kingi kuliko sumu. Mtu anaangalia gugumaji, lile gugu linaloelea ziwani, limenawiri anasema hapa maji mazuri hata mimea inapenda. Hapana. Limenawiri kwa sababu kuna mtu juu huko anamwaga choo.

Sasa kabla hujanunua hata kikopo, tembea. Chukua daftari, tembea pembezoni mwa mto au ufukwe wako, anza juu ya pale unaposhuku uchafu unaingia, malizia chini yake, na usiende mara moja, nenda kila baada ya wiki mbili sehemu zilezile. Unachotafuta ni hivi.

Mimea inayoishi chini ya maji kabisa, ile inayoota kutoka kwenye mchanga na kubaki imezama, zingine zina majani marefu kama utepe, zingine kama mkia wa paka, hiyo ndo ya kuiheshimu kuliko yote. Inahitaji mwanga ufike chini. Maji yakijaa tope au mwani mwanga unakatika na yenyewe ndo ya kwanza kupotea. Wataalamu wa maji wanapima mwanga kwa kuzamisha sahani ya nyeusi na nyeupe yenye upana wa sentimita 20 mpaka isionekane, njia aliyoianzisha padri wa Kiitaliano Angelo Secchi mwaka 1865, na unaweza ukatengeneza yako kwa mfuniko wa ndoo ya rangi, lakini ile mimea ya chini ni kipimo kinachokaa hapo mwaka mzima bila wewe. Ukisikia mzee wa mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, anakwambia zamani hapa tukiogelea majani yalikuwa yanatukamata miguu na siku hizi hakuna, andika, hiyo ni data.

Halafu gugumaji. Lina asili ya Amerika Kusini, kwenye Ziwa Victoria lilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufikia 1998 lilikuwa limefunga ghuba nzima nzima. Ling'oe moja uangalie mizizi. Kwenye maji yasiyo na chakula mizizi inakuwa mirefu, inatafuta, kwenye maji yenye mbolea nyingi inakuwa mifupi na majani yanarefuka. Pima kwa rula mimea kumi juu ya mto na kumi chini, chukua iliyo ya ukubwa unaokaribiana na iliyosongamana sawa, kwa sababu msongamano nao unarefusha majani hata kama maji ni yaleyale. Na usichanganye makovu: kuna mbawakawa wadogo walioletwa miaka ya 1990 kwa ajili ya kulila gugumaji, wanakwangua jani linabaki na vidoa vidoa vya kahawia, hiyo ni meno ya mdudu siyo sumu ya kiwanda. Nimeona watu wanapiga picha makovu hayo wanasambaza wakisema ziwa limemwagiwa kemikali, na hapo ndo tunapoteza kuaminika siku kemikali zikimwagwa kweli.

Azola, ule mmea mdogo unaoelea unaofugwa kwa ajili ya kulisha kuku, ina bakteria ndani ya majani wanaovuta naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo yenyewe naitrojeni ya kwenye maji haiihitaji, inachodai ni fosforasi. Ikitapakaa yenyewe kwenye dimbwi ujue fosforasi ipo. Ikigeuka nyekundu usikimbilie kusema sumu, jua kali, baridi au upungufu wa fosforasi vyote vinaifanya iwe nyekundu. Na kuna lile gugu lingine la salvinia lililosumbua vivuko pale Kigongo-Busisi mwanzoni mwa 2025, hilo nalo linapenda maji yenye mbolea, liandike tu ukiliona na usilibebe.

Nisisitize hapa kabla hujaingia majini. Maji ya pembeni mwa Ziwa Victoria yana kichocho, na konokono wanaobeba vimelea vyake wanapenda hasa kujishika kwenye mimea hii tunayoitafuta. Vimelea vinatoka kwa wingi mchana jua likiwa kali. Vaa buti za mpira na glavu ndefu, nenda asubuhi mapema, tumia fimbo yenye ndoano kuvuta mmea badala ya kuingia, na ukilowa jifute palepale mpaka ukauke. Kama sehemu ina viboko au mamba waulize wavuvi kwanza wakwambie, wanazijua saa zao. Ukiwa na wanafunzi usiwaingize majini kabisa, mtu mzima mmoja achote wao wapime.

Haya, vikopo.

Kipimo cha lemna siyo kitu nimebuni, maabara duniani zinakitumia, nchi za OECD, ule umoja wa ushirikiano wa kiuchumi, zina mwongozo wake namba 221 wa mwaka 2006, unakaa siku 7, unaanza na vijijani 9 mpaka 12 kwenye kila chombo, joto karibu nyuzi 24. Mwanza joto hilo tunalo bure. Ninachoeleza ni toleo la nyumbani.

Tafuta lemna kwenye dimbwi lililotulia, mfereji wa mpunga au kwa mfugaji wa samaki. Hakikisha ni aina moja. Kuna nyingine kubwa kidogo yenye mizizi kadhaa na rangi ya zambarau chini, nayo inafaa, ila usichanganye aina mbili kwenye kipimo kimoja maana zinakua kwa kasi tofauti. Zisuuze mara tatu nne kwa maji safi uondoe konokono na mwani, uziweke kwenye beseni jeupe lenye maji safi na mbolea kidogo, kivulini penye mwanga, wiki nzima. Wiki hiyo ni ya lazima. Ukizitoa mtoni leo ukazipima leo unapima yaliyozipata huko zilikotoka.

Maji ya kulinganisha. Ukiwa na maji ya bomba yaache wazi kwenye ndoo siku mbili klorini itoke, au nunua maji ya chupa ya lita sita. Usitumie maji ya mvua ya kwenye bati, mabati yanaachia zinki na zinki inaumiza lemna, utakuja kusema mto ni msafi kuliko mvua.

Mbolea: kijiko cha chai kilichosawazishwa cha NPK 17:17:17, kama gramu 5 hivi, koroga kwenye lita moja ya maji safi, acha masimbi yatulie chini. Hiyo ndo akiba yako. Kwenye kikopo cha mililita 250 unaweka mililita 5 tu za akiba, nunua bomba la sindano duka la dawa bila sindano yenyewe, linapima vizuri kuliko kijiko.

Vikopo 12 vinavyofanana, vya plastiki au glasi, vya mtindi au aiskrimu vinafaa, vyeupe ndani ni rahisi kuhesabu. Visiwe vya chuma. Ukiviosha kwa sabuni visuuze mpaka uchoke, sabuni yenyewe inaathiri mmea. Viandike kwa maka peni namna hii: vitatu A, ni maji safi matupu. Vitatu B, maji safi na mbolea. Vitatu C, maji ya mto matupu. Vitatu D, maji ya mto na mbolea ileile kipimo kilekile. Maji ya mto yachuje kwa kitambaa safi cha pamba utoe wadudu na vipande vya majani, na yatumie siku hiyohiyo uliyochota, ukishindwa yaweke kwenye friji usiku mmoja.

Sasa chagua lemna za kijani zilizo na afya, zenye vijijani viwili au vitatu vilivyoshikana, weka jumla ya vijijani 10 kila kikopo. Unahesabu kila kijijani kinachoonekana kimejitokeza hata kama ni kadogo kanachungulia ubavuni mwa mama yake, ilimradi hesabu yako iwe na sheria moja toka siku ya kwanza mpaka ya mwisho na ahesabu mtu mmoja. Piga picha kila kikopo kwa juu. Viweke dirishani penye mwanga mzuri usio jua la moja kwa moja, jua la saa saba linachemsha kikopo kidogo kama sufuria, na kila siku vibadilishane nafasi ili kimoja kisipate mwanga kuliko kingine. Funika vyote na kipande cha chandarua. Hilo la chandarua wengi wanalisahau, siku saba zinatosha kabisa mbu kutaga na viluwiluwi kukua ndani, utakuwa umefungua kiwanda cha mbu sebuleni. Maji yakipungua ongeza maji safi mpaka mstari uliochora.

Siku ya 3, ya 5 na ya 7 hesabu, piga picha, andika. Usitegemee kukumbuka.

Kitu cha kwanza kuangalia siku ya 7 ni B, siyo maji ya mto. Maabara inadai lemna za kulinganisha ziongezeke mara mbili kila siku mbili na nusu au haraka zaidi, yani karibu mara saba kwa wiki. Nyumbani mwanga wetu ni wa masaa 12 na hauko sawa, mi nakubali zikifika mara nne. Chini ya hapo kipimo kimefeli, kuna kosa kwenye lemna, mbolea au mwanga, rudia, usitoe tafsiri yoyote hata kama unatamani sana.

B ikiwa sawa endelea. Linganisha A na C: hii inakwambia kuhusu kulisha. Kama kwenye maji safi matupu zilitoka 10 zikafika 22 tu halafu kwenye maji ya mto matupu zimefika 48, mto wako umebeba mbolea au choo. Afu linganisha B na D: hapa chakula kimesawazishwa, wote wameshiba, kwa hiyo D ikibaki nyuma ni sumu. Unaweza kupata vyote, C imeipita A na papo hapo D imeshindwa na B, na kwa mito inayopita mjini hilo lisikushangaze. Ikitokea C imeshindwa hata na A basi hali ni mbaya sana, sumu imeshinda chakula kabisa.

Kwa anayetaka namba, fungua kikokotoo cha simu kile cha kisayansi chenye ln. Tuseme B ilitoka 10 mpaka 60. Gawa 60 kwa 10 unapata 6, bonyeza ln unapata 1.79, gawa kwa siku 7 unapata 0.256, hiyo ndo kasi ya kukua kwa siku. D ilitoka 10 mpaka 25, ln ya 2.5 ni 0.916, gawa kwa 7 ni 0.131. Kasi ya D ni karibu nusu ya B, yani maji yale yamezuia ukuaji kwa karibu asilimia 49. Namba hiyo ndo unaipeleka mbele, siyo "zilionekana zimechoka". Ila angalia pia vikopo vitatu vya kundi moja vinavyotofautiana vyenyewe kwa vyenyewe, kama B zako zimetoka 52, 60 na 69 halafu D ni 50, 57 na 61, zimeingiliana, huna cha kusema. Nataka nione D ya juu kabisa iko chini ya B ya chini kabisa ndo niongee.

Kama D zote zimekufa chap, rudia kwa kuchanganya maji ya mto na maji safi, nusu kwa nusu, robo, na moja ya nane, uone inaacha kuua wapi. Maji yanayozuia mpaka kwenye moja ya nane ni ya kupigiwa simu siku hiyohiyo.

Na mara moja moja jaribu lemna zako zenyewe kama zinasikia. Vijiko viwili vya chai vya chumvi kwenye lita moja ya maji, zikiendelea kustawi humo kana kwamba hakuna kitu, kuna mahali unakosea.

Dalili za macho zinasaidia kubahatisha ni nini, na nasema kubahatisha kwa makusudi. Vikundi kuvunjika na mizizi kudondoka, wazia shaba kwanza na madini mengine, na kwetu shaba inatoka sana kwenye dawa za ukungu za nyanya na kahawa. Kugeuka nyeupe inaweza kuwa dawa ya magugu au klorini. Njano ya jumla mara nyingi ni njaa ya naitrojeni, ndo maana tuliweka mbolea B na D, njano ikiwa C peke yake ni njaa, ikiwa D ni jambo lingine. Mizizi mirefu mirefu kuliko kawaida ni maji maskini. Lakini lemna haiwezi kukutajia jina la kemikali, anayekwambia dalili hii ni dawa fulani ya kampuni fulani anakudanganya. Ile siku ya vifaranga mi nilikuwa nawazia dawa ya ukungu, mpaka leo nawazia hivyo, ila sina ushahidi wa kumnyooshea mtu kidole na sijamnyooshea.

Kuna sumu ambazo kikopo hakizioni kabisa. Zebaki inayotumika kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu huku Kanda ya Ziwa, risasi, kadmiamu, hizi zinaweza kuwepo kwa kiwango kidogo ambacho lemna inaendelea kukua vizuri lakini kwa samaki na binadamu zinajilimbikiza miaka. WHO, yani Shirika la Afya Duniani, kwenye maji ya kunywa inataka risasi isizidi mikrogramu 10 kwa lita, hiyo huwezi kuiona kwa jani. Hapa ndo gugumaji linapokuja na faida yake, kwa sababu mizizi yake inanyonya madini na kuyashikilia, mizizini yanakuwa mengi kuliko kwenye majani, na yanakuwa mengi kuliko kwenye maji yenyewe, kwa hiyo maabara inayapata kirahisi zaidi na unapata picha ya wiki kadhaa badala ya dakika moja.

Unafanya hivi: chagua mimea mitano inayoelea, ya ukubwa mmoja, mizizi isiwe imegusa tope la chini maana utapima tope. Chukua mitano juu ya pale uchafu unapoingia na mitano chini. Suuza mizizi kwa maji ya palepale kisha maji safi, kata kwa mkasi usio na kutu, anika kivulini juu ya karatasi nyeupe mbali na vumbi la barabara, weka kwenye bahasha ya karatasi siyo mfuko wa nailoni kwani itaoza, andika mahali, tarehe, saa, mvua ilinyesha lini mara ya mwisho. Mwanza kuna maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji na kuna ofisi ya Kanda ya Ziwa ya Mkemia Mkuu wa Serikali, waulize kabla hujakusanya wanataka kiasi gani na wanapima madini gani, maana kila aina ya madini ina bei yake na wewe utataka mawili matatu tu.

Kama sehemu yako haina gugumaji, usilipeleke. Narudia, usilipeleke, hata moja, hata kwa siku mbili kwenye beseni karibu na mto. Mmea mmoja unatosha kuanzisha janga. Weka lemna ya palepale kwenye kikapu cha neti kinachoelea, fremu ya bomba la plastiki na neti ya matundu madogo, kama kizimba kidogo cha samaki, kimoja juu kimoja chini ya mto, kikae wiki mbili mpaka nne. Mimea yote uliyopima madini usiwape kuku wala ng'ombe, kausha kabisa uzike mbali na maji.

Maji yakigeuka kijani kibichi kama mtu amemwaga rangi, hali tunayoiona sana ghuba ya Mwanza na ghuba ya Winam upande wa Kisumu, hiyo siyo kazi ya vikopo. Chovya fimbo. Ikitoka na nyuzi zinaning'inia kama nywele ni mwani wa kawaida. Ikitoka imepakwa kama rangi ya nyumba, shuku sianobakteria, yani bakteria wa kijani wanaofanana na mwani, ambao wengine wanatengeneza sumu ya ini. Jaza chupa safi robo tatu, iache kwenye friji bila kuitikisa mpaka kesho, kijani kikielea juu kama utando hiyo shuku inaongezeka, kikizama chini inapungua. Vaa glavu ukifanya haya. Na waambie majirani, kuchemsha maji hayo hakusaidii, sumu haiondoki kwa moto na seli zikipasuka zinaiachia zaidi, watoto wasiogee na mifugo isinywe hapo mpaka yapite.

Ukipata kitu, nenda na daftari na picha zenye tarehe kwa mwenyekiti wa mtaa au viongozi wa BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi na ufukwe) wa mwalo wako kwanza, kisha ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, wako hapa Mwanza, au ofisi ya kanda ya NEMC inayosimamia mazingira. Kenya na Uganda nenda NEMA ya kwenu. Usiende na jina la mtu wa kumshtaki, nenda na mahali, siku na namba: tarehe fulani chini ya daraja maji yalizuia lemna asilimia 49, juu ya daraja hayakuzuia kitu. Vikopo vyako havitamfunga mtu na havitakiwi kumfunga, sampuli ya ushahidi inachukuliwa na mkaguzi mwenyewe kwa utaratibu wake, lakini umemwambia asimame wapi.

Muda mzuri wa kuanza ni mvua za kwanza za vuli, Oktoba kwenda Novemba, kwa sababu kila kilichokauka miezi ya kiangazi kwenye mashamba, mitaro na gereji kinashuka kwa pamoja kwenye ile mvua moja. Mi naanza kuzikuza lemna katikati ya Septemba, vikopo viko tayari vimeandikwa, na ndoo ya kuchotea naiacha mlangoni. Mvua ikipiga usiku, saa kumi na mbili asubuhi nakuwa kijitoni, nachota sehemu mbili, juu ya mashamba ya nyanya na chini yake, na geti la maji ya bwawa nalifunga mpaka siku ya tatu lemna zinapoanza kunionyesha zinaelekea wapi.